Ukurasa Uliosema Mashine Itauliza Kwanza

Basi limeshaiacha Didia. Ni saa moja kasoro robo asubuhi, Jumatatu, na Mageni Luhende amekaa kiti cha tatu dirishani, mkoba wa turubai mapajani, ameukumbatia kama mtu aliyebeba mayai. Kondakta anamwambia auweke juu pamoja na mizigo ya wenzake. Mageni anauvuta karibu zaidi, na kondakta mwenyewe anageukia abiria mwingine.

Mkobani mna kitenge, chupa ya maji, flashi tatu zilizofungwa kwenye leso, na kishada cha funguo. Funguo ndizo zilizomkatisha likizo. Jumamosi meneja wake alimpigia simu akasema maneno manne: "Njoo na funguo zote."

"Mtu akikwambia njoo na funguo zote, hakuiti kazini," anasema Mageni. "Anakutoa."

Basi linapita Tinde, linaelekea Isaka na Kahama. Kutoka Kahama atapanda gari jingine mpaka karibu na Bulyanhulu, na kipande cha mwisho pikipiki. Njia nzima hiyo hasinzii. Anawaza nani kamchomea.

Mageni ana miaka arobaini na tisa. Kwa miaka tisa anatunza kompyuta za maabara moja ndogo ya kupima mawe, pale ambapo wachimbaji wadogo hupeleka kimfuko cha jiwe lililosagwa ili wajue kama duara lao, yaani shimo wanalochimba, lina dhahabu au lina mchanga. Mshahara wake ni shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, na nauli ni juu yake. Shule aliachia kidato cha pili, Samuye.

Ukimwita injinia anacheka. "Mimi ni mama wa jikoni," anasema. "Ila jiko langu lina nyaya."

Kilichompata kilianza mwanzoni mwa Julai. Majibu ya sampuli mia mbili na kumi na nne, kazi ya siku kumi na moja, yalifutika kwenye mashine kubwa ya maabara. Nakala ya akiba ilikuwa imechukuliwa kabla ya siku hizo, kwa hiyo haikuwa nayo. Yalikuwepo asubuhi, mchana hayakuwepo.

Kwingine mtu angesema basi, wenye majibu walete karatasi zao. Lakini mchimbaji wa huku hatunzi karatasi. Anapewa jibu limekunjwa, analisoma akiwa amegeukia ukuta, analiweka kichwani, kisha anaichoma karatasi palepale kwenye kopo lililo nje ya mlango. Kopo hilo liliwekwa na maabara yenyewe. Karatasi ikiokotwa na mtu mwingine, duara si lako tena. Kesho utakuta watu wanachimba ubavuni mwako.

Kwa hiyo kumbukumbu iliyokuwa imebaki ni ya mashine. Na mashine ilikuwa mikononi mwa Mageni.

Siku mbili baada ya majibu kupotea, mgeni mmoja mwenye gari jeupe alionekana akitaka kununua duara lililopakana na la mzee Nkwabi Masunga, mchimbaji wa miaka mingi. Nkwabi alikuwa na jibu zuri ndani ya zile mia mbili na kumi na nne. Hesabu yake ilikuwa fupi.

"Majibu hayapotei," aliwaambia wenzake kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe. "Majibu yanahama. Muulizeni yule mama yamehamia wapi."

Kwenye basi Mageni naye alikuwa na washukiwa wake. Wa kwanza ni Januari, karani wa kituo cha kupokelea mawe, kwa sababu ndiye aliyekaa kwenye mashine siku ile, akimshikia nafasi yeye akiwa likizo, na kwa sababu alikuwa na simu mpya. Wa pili ni Mwita Chacha, fundi aliyeletwa kutoka Mwanza mwezi Juni kuja "kuifanya maabara iwe ya kisasa." Hata Nkwabi, Mageni alimshuku: anayepiga kelele za mwizi naye huwa na sababu zake.

Walipofika Isaka akaanza kushuku kitu cha nne. Alianza kuzishuku kurasa zake mwenyewe.

Hapa inabidi msomaji avumilie kidogo, maana bila kurasa hizi hakuna kesi.

Kompyuta za maabara zinatumia mfumo wa ukoo wa Unix. Kwenye ukoo huo, kila programu huja na ukurasa wake wa maelekezo ndani ya mashine: inafanya nini, inaamrishwaje, jihadhari na nini. Ukurasa huo huja mbichi, umejaa alama ambazo binadamu hawezi kuzisoma kwa raha. Ukiuita, programu nyingine inaupika, inaupanga mistari na vichwa vya habari, ndipo unausoma.

Zamani mashine zilikuwa nzito. Mageni alijifunzia kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ambako aliingia kama mfagizi. Fundi wa pale, marehemu Magesa, alimkuta siku moja amesimama na ufagio mbele ya kioo akijaribu kusoma.

"Aliniambia, binti, kama unasubiri huo ukurasa, nenda kwanza ukamalize korido," anakumbuka. "Hakunitania. Nilimaliza korido, nikarudi, ukurasa ndiyo kwanza unatokea."

Kwa sababu hiyo mafundi wa zamani waliupika ukurasa mara moja, wakauweka ukiwa tayari. Ukiuita, unakuja papo hapo. Mageni anaziita kurasa hizo matobolwa, kama viazi vitamu ambavyo Wasukuma huvichemsha, huvikata na kuvianika, ili njaa ikija mtu asianze kutafuta kuni.

Kiingereza chake chote kimetoka humo. "Najua futa, nakili, usiulize, lazimisha," anasema. "Nikikutana na Mzungu siwezi hata kumwambia habari za asubuhi. Lakini naweza kumwambia asifute bila kuangalia."

Swali ambalo mafundi wanabishania ni hili: leo, kompyuta inapoupika ukurasa kabla hujakopesa jicho, matobolwa ya nini?

Mwita hana kigugumizi. Siku ya kwanza kufika, alifungua ghala la kurasa za Mageni akaguna. "Mama, hii ni makumbusho," alimwambia. "Mashine hii inapika yenyewe. Unamwekea kiporo mtu mwenye jiko la gesi?"

"Na wale wasio na jiko?" Mageni alimjibu.

Alimaanisha vituo vinne vya kupokelea mawe huko machimboni. Kila kimoja kina kompyuta ndogo kama kopo la biskuti, inatumia umeme wa jua, mtandao wa kubahatisha. Nafasi ni finyu kiasi kwamba programu ya kupikia haimo. Karani akikwama saa sita mchana, jua kali, foleni ya wachimbaji mlangoni, msaada wake ni ukurasa uliopikwa maabara na Mageni na kupelekwa kwa flashi.

Mwita akalifunga ghala. Mageni akajua hajakubali.

Basi, yeye hupikia kwenye mashine kubwa, ananakili kwenye flashi, anasambaza vituoni. Programu ikibadilishwa, anapika upya. Nakala zinazobaki kwenye mashine kubwa huziacha hapohapo, kama mama anayeacha sufuria jikoni. Hazikuwahi kumdhuru mtu.

Alipofika maabara siku ile ilikuwa karibu saa saba. Meneja, Scolastika Bundala, alikuwa ofisini na Nkwabi pamoja na wachimbaji wengine sita. Mwita alikuwa ametoka kwenda kula. Chumba cha mashine kilikuwa kitupu.

"Shikamoo, mzee Nkwabi," Mageni alisalimu mlangoni.

Nkwabi alitazama funguo zilizokuwa mkononi mwake. "Hizo ndizo zote?"

"Ndizo zote, baba."

"Tutaona."

Meneja alimwambia asubiri chumba cha mashine mpaka Mwita arudi. Mageni akaingia, akakaa, akaita ukurasa wa programu ya kulinganishia mafaili na kufuta yanayozidi, ile ambayo Januari aliitumia. Ukaja mara moja. Sehemu ya kufuta ilisema wazi: kabla ya kufuta chochote, programu itauliza.

Akashuka mpaka chini kabisa. Kila ukurasa una tarehe na toleo mguuni, na yeye hupenda kuanzia huko, kama anayesoma chupa ya dawa. Toleo lilikuwa la zamani. Akaangalia programu yenyewe: toleo jipya, limewekwa Juni. Akaangalia ukurasa ulitoka wapi. Ghalani kwake. Ulipikwa Aprili, kwa mkono wake.

Yaani programu ilibadilishwa, na mashine ikaendelea kusomea watu maelekezo ya ile iliyokwisha ondoka.

"Niligeuka nikatazama mlango," anasema. "Maana nilijua ninachokiona, na nilijua wengine hawakijui."

Ukurasa ule ungeweza kufutwa kwa amri ya neno moja. Mwita angerudi, angeita ukurasa, mashine ingempikia mpya, na lawama yote ingemwangukia Januari: alisoma vibaya, au hakusoma, au alilipwa. Mageni hafichi kwamba alilifikiria hilo. Anasema aliandika ile amri. Hakubonyeza.

Januari akaingia. Ni kijana wa miaka ishirini na sita, mtoto wa Geita, wiki ile alikuwa amekonda. Kumbe ile simu aliyokuwa nayo ilikuwa ya shemeji yake. Yake ilikuwa imetumbukia kwenye maji ya mwalo, pale wanaposafishia dhahabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi nilikupigia ukiwa likizo, ukaniambia nisome ukurasa. Nikasoma. Ukurasa ulisema programu itauliza. Mimi nilisubiri iniulize, niijibu hapana kama siku zote. Haikuuliza." Akafuta uso kwa kiganja. "Nani atanisadiki? Nimwambie mzee Nkwabi nilikuwa nasubiri swali?"

Mageni akaifuta ile amri, herufi moja moja. Kisha akamwambia Januari akawaite wote.

Waliingia wakabanana. Mwita alikuja na kijiti cha meno mdomoni. Mageni akawaonyesha ukurasa, akawaonyesha mguu wake, akasema: "Huu ni wa kwangu. Niliupika Aprili. Kijana kasoma nilichomwekea."

Mwita akatoa kijiti. "Nilikwambia. Nilikwambia siku ya kwanza!"

"Uliniambia ni makumbusho. Hukuniambia umebadilisha programu."

"Nikuambie wewe kama nani?"

"Kama mpishi."

Wachimbaji wawili wakacheka. Nkwabi hakucheka. Aliuliza swali ambalo mafundi wote wawili hawakulitegemea: kama ukurasa mpya ulikuja na programu mpya, mashine iliuacha kwa nini ikachukua wa zamani? "Mnatuambia mashine ina akili. Hii imechagua chakula kilicholala."

Mwita alichukua muda kuitafuta sababu, na kwa haki yake, ndiye aliyeipata. Mashine hulinganisha tarehe. Ukurasa mbichi uliokuja Juni ulikuwa umeandikwa na watengenezaji mwezi Februari, na ukaja na tarehe yake ileile ya Februari. Wa Mageni ulikuwa na tarehe ya Aprili. Mashine ikaona Aprili iko baada ya Februari, ikahukumu kwamba kilichopikwa ndicho kipya.

Mageni akauhamisha ukurasa wake kando, hakuufuta, akauita tena. Kabla hajaondoa kidole, mashine ilikuwa imeshaupika ule mpya. Sehemu ya kufuta ilisema programu haitauliza, isipokuwa ikiamrishwa kuuliza.

"Someni hapo," alisema.

"Nani asome?" Nkwabi akadakia. "Mimi Kizungu sijui. Na ninyi wote mnakula chungu kimoja."

Ndipo akafanya jambo ambalo maabarani wanalisimulia mpaka leo. Jiwe likiletwa pale, hugawanywa mafungu matatu mbele ya mwenyewe: moja linapimwa, moja anarudi nalo, moja linafungwa kwenye bahasha na kutiwa dole gumba, likae stoo kama shahidi. Nkwabi akasema na maneno haya yagawanywe hivyohivyo.

Akamtoa Mwita nje, akamtoa meneja nje, akabaki na Januari. "Nisomee." Januari akamsomea kwa Kiswahili. Akamtoa, akamwingiza meneja. "Mayu," akamwambia, yaani mama, "nisomee." Akamsomea. Akamtoa, akamwingiza Mwita.

"Mzee, wewe polisi?" Mwita akamuuliza.

"Soma, fundi. Polisi wangekuwa wameshakula na kulala."

Mwita akasoma. Wote watatu walisema neno moja: haitauliza.

Nkwabi akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Akakiri kwamba makosa ameyaona. Wizi hajauona. Lakini akaongeza: "Kutouona siyo kwamba haupo."

Scolastika akaamua kilichobaki kuamuliwa: bahasha za mashahidi zitolewe stoo, sampuli zote mia mbili na kumi na nne zipimwe upya kwa gharama za maabara. Kazi ilichukua wiki tatu. Mageni na Januari walipewa kazi ya kubeba bahasha, kulinganisha dole gumba, na kuandika. Hakuna aliyewasaidia, na kila bahasha ilifunguliwa mbele ya mwenyewe.

Siku ya Nkwabi, mzee alikuja na kiganja kimefumbwa. Alikuwa ameandika ndani yake kwa kalamu namba aliyokuwa ameishika kichwani, kabla hajaingia. Jibu likatoka: gramu nane na pointi mbili kwa tani. Akafungua kiganja. Nane na mbili.

"Umeona, mzee?" Januari akasema, furaha imemzidi.

"Namba haikubadilika," Nkwabi akajibu. "Kubadilika na kuvuja ni vitu viwili." Akatema mate kiganjani, akaisugua namba mpaka ikapotea, akaondoka.

Mageni anasema hamlaumu. "Huku mtu akikuamini upesi, mchunguze," anasema. "Mimi mwenyewe njia nzima ya Kahama nilikuwa nimeshawafunga watu watatu, na mhalifu nilikuwa nimempakata."

Kuhusu lile swali la mafundi, yeye na Mwita hatimaye walikubaliana nusu, kwa karatasi yenye sahihi ya meneja. Kwenye mashine kubwa, kurasa zilizopikwa hazina kazi tena, na zikiachwa zinaweza kumdanganya mtu. Ghala limesafishwa, hakuna hata moja iliyobaki. Vituoni zinabaki, kwa sababu kule ama usome zilizopikwa ama usisome kabisa. Kila moja sasa inapelekwa pamoja na programu yake siku hiyohiyo, au isipelekwe.

Mwita anaiona hiyo kama njia ya kupita tu. "Tukinunua mashine nzuri za vituoni, zinakwisha zote," anasema. "Sina ugomvi na mama. Nina ugomvi na kiporo." Mashine hizo zimeombwa tangu Agosti. Hazijaja.

Mageni ana mpango wake. Anaandika kurasa za vituoni upya kwa Kiswahili, kwa daftari kwanza, kila programu ukurasa mmoja, na kwenye kichwa badala ya mguuni anaandika toleo na tarehe kwa maandishi makubwa. Amemaliza kumi na moja. Anataka zifike arobaini, na anataka karani yeyote atakayesoma aelewe bila kumpigia simu mtu aliye likizo.

"Sitaki zinisifu," anasema. "Nataka zisiseme uongo."

Mpaka Oktoba hii mambo yamekaa hivi. Januari alirudishwa kituoni baada ya kusimamishwa mwezi mmoja bila malipo. Anauliza kila kitu mara mbili na foleni yake imekuwa ndefu kuliko zote. Mwita ameongezewa maabara ya pili ya kusimamia na huja Jumatano tu. Scolastika aliandikiwa barua ya onyo na wenye maabara. Wachimbaji thelathini na wawili kati ya waliopimiwa upya wamehamia maabara nyingine. Mgeni wa gari jeupe alilinunua lile duara, akachimba mita kumi na tisa, akakuta maji, akaondoka. Alikotoa habari hakujajulikana. Mageni hajafukuzwa. Funguo za mashine kubwa anazo Mwita, yeye amebakiwa na za vituo, na mkataba wake unaisha Desemba bila mtu yeyote kumwambia kama utaendelea. Mzee Nkwabi hupita mbele yake mlangoni bila kumsalimu. Mawe yake bado anayaleta palepale.